Chapati na Mogo: Maneno ya Chakula cha Ugenini Mjini Nairobi

Mtu akihamia nchi ya mbali aweza kubadili mavazi, nyumba, hata lugha ya kazini, lakini tumbo lake huchelewa kukubali. Huenda akitafuta duka liuzalo alichokizoea kwao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utafutaji huo, kama ulivyotokea Nairobi, umeacha alama katika lugha, na kwamba alama hizo hazisomeki vema ikiwa tutaridhika kuandika kando ya neno kuwa asili yake ni Kihindi au Kiingereza.

Tuanze na reli. Ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapanjabi. Kiasi cha 2,500 walifariki kazini, na wapatao 6,700 walibaki huku kazi ilipokwisha. Chakula chao, yaani mchele, unga wa ngano, dengu na samli, kilipaswa kuvuka bahari. A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alipata kandarasi ya kuwalisha. Naye Allidina Visram alifungua maduka kando ya njia ya reli. Soko la Wahindi mjini Nairobi lilichomwa moto mwaka 1902 baada ya tauni kuzuka, lakini biashara haikufa. Mtaa ujulikanao leo kwa jina la Biashara hapo zamani uliitwa Bazaar.

Hata hivyo, yatupasa kujihadhari tusiihesabie reli kila neno. Neno duka lina asili ya Kiarabu na hutumika India vilevile. Achari na sambusa ni za biashara ya Bahari ya Hindi, ambayo ni kongwe kuliko reli. Kwa hiyo ipo milango miwili, wa bahari na wa bara. Kazi ya mwenye duka wa bara haikuwa kuvumbua maneno, bali kuyafikisha kwa wanunuzi ambao hawakupata kuiona pwani.

Chapati ni mfano ulio wazi. Maadamu unga wa ngano ulitoka ng'ambo, chapati ilikuwa chakula cha mgeni. Mwaka 1908 mlowezi Delamere alianzisha kampuni ya kusaga ngano iliyolimwa humu nchini, akaipa jina la Kiswahili, Unga. Tangu hapo kitu kilichotafutwa na Mpanjabi kiliweza kupikwa na jirani yake Mkikuyu au Mluo, na hatimaye kikawa chakula cha Krismasi katika nyumba nyingi za Kenya. Vijana wa Nairobi wamelifupisha jina likawa chapo. Hapana shaka kwamba hii ni dalili ya uenyeji, kwani watu hawalikati jina la mgeni.

Vyakula vya Wazungu vilipita njia nyingine. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi na kaskazini, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki. Mwafrika hakukutana na jamu, keki na soseji kama mnunuzi, bali kama mpishi katika jiko la mwajiri wake. Maneno hayo yaliingia kupitia mlango wa nyuma, pamoja na mshahara mdogo.

Mgawanyo huo wa rangi haumo tena katika sheria, lakini utafutaji ungaliko. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983. Diamond Plaza huko Parklands huuza viungo vya Kihindi. Kilimani na Hurlingham wako Waethiopia na Wachina wanaowauzia wenzao vyakula vya kwao. Majina mengi ya bidhaa hizo yangali kwenye vibandiko tu. Kwa maoni yetu, hayatakuwa maneno ya Kiswahili mpaka mwenyeji avipike vitu vyenyewe.

Lakini safari ya maneno haikuwa ya upande mmoja. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu na bidhaa fulani. Maelfu ya Wahindi wa Kenya waliondoka, wengi wakiwahi Uingereza kabla ya nchi hiyo kuwabania mlango mwaka 1968. Huko Leicester na Wembley walianza tena kutafuta chakula cha kwao, na chakula hicho sasa kilikuwa muhogo. Waliuita mogo, na karanga wakaziita jugu, kutoka njugu. Leo Mwingereza hula mogo katika mkahawa wa Kihindi akidhani jina hilo limetoka India.

Basi kosa la Mwingereza huyo ni sawa na letu tunapoandika "Kihindi" kando ya chapati na kufunga kitabu. Lebo hiyo huwachanganya Wapanjabi, Wagujarati na Wakachi, tena humsahau mpishi wa Kiafrika aliyelikamilisha neno. Wapishi na wenye maduka wa zamani wanazidi kupungua. Wanafunzi wetu hawana budi kuwaendea Ngara, Parklands na Kawangware na kuwauliza kila kitu kiliitwaje, kiliuzwa na nani, na ni nani aliyekipika kwanza katika nyumba isiyokuwa ya mgeni.