Rehema na imbabazi

Kamembe, mjini Rusizi, Rwanda, unaweza kupatana bei ya samaki wa sambaza bila kutamka neno la Kinyarwanda. Bukavu ya Kongo, wanakosema Kiswahili, iko ng'ambo ya mto tu. Juzi muuzaji alinijazia kiganja cha nyongeza juu ya fungu. "Chukua baba, rehema za Mungu hazipimwi kwa mzani."

Rehema tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni ndugu wa neno la tumbo la uzazi. Sisi tukaiazima tena kwa ajili ya wafu: marehemu ni aliyerehemiwa. (Utadhani walio hai hawaihitaji.)

Kinyarwanda kimepita njia nyingine. Kubabara ni kuumia. Ongeza kiambishi, kama tunavyofanya pika ikawa pikia, upate kubabarira: kusamehe. Yaani kuumia kwa ajili ya mwenzako. Ndiko zinakotoka imbabazi, rehema za Kinyarwanda. Kiswahili kingekuwa na "kuumilia", labda tungesamehe kwa uzito zaidi.

Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, aliliishi neno hilo hapa hapa Rusizi. Mama yake aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Alimsamehe muuaji, kisha akawalipia watoto wa muuaji huyo karo. Katika parokia yake ya Mushaka, waliotoka gerezani walipitia miezi ya mafundisho, wakaomba imbabazi kwa walionusurika, ndipo wakarudi kukomunika.

Kwa jirani kwanza, altareni baadaye.