Jinsi ya kuchagua miksa ya DJ na ya kurekodia muziki nyumbani

VIJANA wengi wanaojitosa katika uchezaji santuri huwa na ndoto mbili kwa wakati mmoja: kutumbuiza katika harusi na sherehe za mwishoni mwa juma, na kurekodi nyimbo zao nyumbani siku zinazosalia. Ndoto hizo si za ajabu. Ogopa DJs, iliyowavumisha wasanii kama vile Nameless na marehemu E-Sir jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hujulikana zaidi kwa kazi zake za studio ilhali jina lake ni la wacheza santuri.

Hata hivyo, si wachache ambao hupoteza akiba yao dukani kwa kudhani kwamba mashine yoyote ya kuchanganyia sauti, maarufu kama miksa, hufaa kwa kazi zote mbili. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Miksa ya DJ na miksa ya studio hufanana kwa vitufe, ila zimeundwa kwa shughuli tofauti kabisa.

Kazi ya miksa yoyote ni kupokea sauti kutoka sehemu mbalimbali, kuzipa nguvu zinazolingana, kuzirekebisha, kisha kuzitoa zikiwa zimeunganishwa. Ugumu ni kuwa sauti hizo haziingii kwa nguvu sawa. Gramafoni yenye sindano ya kawaida hutoa takriban milivolti 5 pekee, na maikrofoni nayo hutoa umeme hafifu sana. Kwa upande mwingine, tarakilishi au mashine ya CD hutoa umeme ulio na nguvu mara nyingi zaidi. Kwa hivyo, jambo la kwanza kuchunguza ni matundu ya kuingizia sauti, wala si wingi wa taa na vitufe.

Miksa ya DJ

Aghalabu miksa ya DJ huwa na chaneli mbili au nne. Sifa yake kuu ni krosifeda, yaani kidhibiti kinachoteleza kutoka kushoto hadi kulia ili wimbo mmoja ufifie huku mwingine ukiingia. Miksa za awali hazikuwa na kifaa hicho. Ile ya Bozak CMA-10-2DL, iliyotengenezwa Marekani mnamo 1971, ilitumia vitufe vya kuzungusha, na zipo miksa za aina hiyo hadi leo.

Sifa ya pili ni uwezo wa kusikiliza wimbo unaofuata kupitia hedifoni kabla wachezaji dansi hawajausikia. Bila uwezo huo, DJ hawezi kulinganisha mapigo ya nyimbo mbili.

Iwapo unatumia santuri halisi, hakikisha kuwa miksa ina tundu la fono pamoja na skrubu ya kufungia waya wa ardhi wa gramafoni. Fono huikuza sauti na pia kurejesha besi iliyopunguzwa makusudi santuri ilipochongwa. Ukichomeka gramafoni isiyo na kikuzaji chake katika tundu la kawaida, sauti itakuwa hafifu na nyembamba. Ukichomeka mashine ya CD katika fono, sauti itakwaruza.

Udhaifu wa miksa hizi hudhihirika wakati wa kurekodi. Nyingi huwa na tundu moja au mawili ya maikrofoni, na aghalabu hazitoi umeme wa volti 48 unaohitajika na maikrofoni za kondensa ambazo hupendwa katika studio.

Miksa ya studio

Miksa ya studio huwa na matundu kadhaa ya XLR, umeme wa volti 48, na njia za ziada za kupeleka sauti kwenye mitambo ya mwangwi au kwenye hedifoni za mwimbaji. Kwa kawaida haina fono wala krosifeda.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Miksa huandikwa kuwa ina USB, naye mnunuzi hudhani kwamba kila maikrofoni itaingia katika tarakilishi peke yake. Sivyo. Yamaha MG10XU, kwa mfano, hupokea maikrofoni nne, lakini USB yake hupeleka traki mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Mkirekodi watu wanne na baadaye mkagundua kuwa gitaa limefunika sauti ya mwimbaji, hamwezi kuzitenganisha. Itawabidi kurudia kazi yote.

Zipo miksa zinazohifadhi kila sauti kivyake. TASCAM Model 12, iliyozinduliwa 2020, hurekodi traki 12 kwenye kadi ya kumbukumbu, na pia hupeleka traki 12 kwa tarakilishi. Bendi inayorekodi pamoja inahitaji mashine ya namna hiyo. Kwa hivyo muulize mwenye duka swali moja: USB hii hupeleka traki ngapi?

Nani asiyehitaji miksa?

Anayeimba peke yake juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa katika tarakilishi hahitaji miksa kamwe. Kadi ya sauti ya nje, yenye tundu moja la maikrofoni na umeme wa volti 48, humtosha. Vivyo hivyo, DJ anayetumia kontrola na programu kama vile Serato au rekordbox tayari ana miksa ndani ya kontrola yake.

Kwa mwenye ndoto zote mbili na fedha chache, njia ya busara ni kununua vifaa viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa: miksa ya DJ ya chaneli mbili, na kadi ya sauti ya nje. Sherehe ikiwadia, atabeba miksa. Akirudi nyumbani, atachomeka maikrofoni katika kadi. Akitaka kurekodi mseto wa nyimbo zake, ataunganisha tundu la kutolea sauti la miksa na tundu la laini la kadi hiyo. Kifaa kimoja kikiharibika, kingine kitaendelea kumpa riziki.

Kabla ya kulipa

Iwe unanunua kitu kipya katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi au kilichotumika kutoka kwa mwenzako, usitoe pesa kabla ya kukagua mambo haya:

Kwanza, soma kibandiko cha umeme. Nchini Kenya umeme ni volti 240. Kifaa kilichoundwa kutumia volti 120 za Marekani au 100 za Japani pekee kinaweza kuungua punde tu unapokichomeka. Kilichoandikwa 100-240 ni salama.

Pili, nenda na hedifoni na waya zako. Sogeza kila kidhibiti polepole huku muziki ukicheza. Ukisikia mkwaruzo au sauti ikikatika, kidhibiti kimechakaa au kimeingia vumbi. Krosifeda huchakaa haraka kwa wanaoikwaruza santuri, hivyo uliza iwapo inaweza kubadilishwa.

Tatu, tazama matundu ya kutolea sauti. Kwa ukumbi ambamo waya hupita mbali, XLR hupunguza mvumo wa umeme. Waya za RCA zinafaa kwa mita chache tu.

Nne, jaribu volti 48 kwa maikrofoni ya kondensa ikiwa unanuia kurekodi.

Hata miksa bora haiwezi kuokoa sauti iliyoingizwa kwa nguvu kupita kiasi. Kwenye miksa, usiache taa nyekundu iwake. Kwenye tarakilishi, acha vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6, kwa maana ikivuka 0 sauti hukatwa kichwa na uharibifu huo aghalabu haurekebishiki.

Basi kabla ya kuondoka nyumbani, andika katika karatasi vifaa vyote utakavyovichomeka kwa pamoja: gramafoni ngapi, maikrofoni ngapi, tarakilishi au la. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia miksa.