Spea Mbadala: Jina Linalokosekana Kati ya Orijino na Feki

Katika vibanda vya spea za pikipiki vya Muthara, mji wa Meru nchini Kenya, kama katika masoko mengine ya Tigania na Igembe, maneno mawili ndiyo yanayoamua bei na imani: orijino na feki. Seti ya klachi inayowekwa juu ya kaunta hupewa mojawapo ya majina hayo, na mnunuzi hutoa pesa zake kwa kuyategemea. Makala haya yanashikilia kwamba maneno hayo mawili hayatoshi, na kwamba upungufu huo unawagharimu waendeshaji wa bodaboda pesa na wakati mwingine usalama. Liko kundi la tatu la spea, ambalo Kiingereza hulitaja kwa neno “aftermarket”, yaani spea zilizotengenezwa na kiwanda kingine, zikauzwa kwa jina la kiwanda hicho, ili zichukue nafasi ya zile zilizokuja na chombo. Kwa Kiswahili tuziite spea mbadala, na tuzitofautishe na feki kila tunapozungumza, tunapoandika risiti na tunapofundisha vijana ufundi.

Klachi ya pikipiki yenye umri mkubwa iliyofanyiwa marekebisho ndiyo ushahidi bora wa hoja hii, kwa hiyo ni vyema kwanza kueleza kifaa chenyewe. Klachi hukaa kati ya injini na giaboksi. Ndani ya bakuli lake hupangwa pleti za aina mbili kwa zamu: pleti za msuguano, ambazo meno yake huingia kwenye bakuli linalozungushwa na injini, na pleti za chuma, ambazo meno yake huingia kwenye kitovu kinachozungusha giaboksi. Springi huzibana pleti hizo pamoja ili nguvu ya injini ipite hadi kwenye gurudumu. Dereva anapokamata mkono wa klachi, kebo huvuta, mbano wa springi juu ya pleti huondolewa, pleti huachana, naye anaweza kubadilisha gia. Kiasi cha nguvu ambacho klachi inaweza kupitisha bila kuteleza hutegemea mambo manne: nguvu ya springi, ukali wa msuguano, upana wa pleti, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Pleti nne za msuguano zina nyuso nane. Pleti tano zina nyuso kumi. Mengine yakibaki vilevile, kuongeza pleti hiyo moja huongeza uwezo wa klachi kwa asilimia 25.

Sasa tuitazame pikipiki yenyewe ilivyo mlimani. Tangu Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimekuwa mguu wa biashara katika miteremko ya milima ya Nyambene. Hubeba abiria, magunia ya viazi, mitungi ya maziwa na mafurushi ya miraa, zao ambalo haliwezi kungoja kwa sababu thamani yake hushuka kadiri linavyonyauka. Pikipiki iliyonunuliwa ikiwa na injini ya cc 100 huzeeka, na badala ya kuuzwa hufanyiwa marekebisho: silinda hupanuliwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, keria hurefushwa, sproketi hubadilishwa. Injini ya cc 100 ikifanywa kuwa ya cc 125, nguvu ya kuzungusha nayo hupanda kwa takriban robo, ikiwa pumzi na mafuta vinaendana. Kumbe klachi iliyomo ilikadiriwa kwa ajili ya injini ilivyokuwa kabla ya kubadilishwa. Kiwanda huacha akiba fulani ya uwezo, ni kweli, lakini springi zilizochoka na pleti zilizosagika huweza kuila akiba hiyo hata kabla ya silinda kupanuliwa. Dalili yake yajulikana na kila dereva wa mlimani: resi inapanda, mlio wa injini unaongezeka, lakini pikipiki haiongezi mwendo.

Hapo ndipo neno orijino linapokwama. Fundi akimwambia mwenye pikipiki hiyo atafute klachi orijino, anamwelekeza kwenye kifaa kilichokusudiwa injini nyingine. Kitakuwa kizuri, kitakuwa halali, na bado kitateleza mapema. Akimwambia aepuke kila kisicho orijino kwa kuwa ni feki, anamfungia mlango wa kifaa ambacho huenda ndicho kinachomfaa: seti iliyotengenezwa na kiwanda huru kinachojulikana, yenye springi ngumu zaidi au pleti za msuguano zinazostahimili joto. Kampuni za namna hiyo zipo na zina majina yao. EBC ya Uingereza huuza klachi za pikipiki za aina nyingi, na Barnett ya Marekani imejijengea jina kwa kazi hiyo kwa miongo mingi. Hazijifanyi kuwa Honda wala Bajaj. Kuziita feki ni kuzisingizia, na kuziita orijino ni kumdanganya mnunuzi.

Hata orijino yenyewe si jina la ubora kama tunavyodhani. Viwanda vingi vya pikipiki havitengenezi klachi vyenyewe. F.C.C. ya Japani, kwa mfano, ndiyo imekuwa ikiipatia Honda sehemu kubwa ya klachi zake. Pleti ikifungwa katika boksi lenye nembo ya Honda huitwa orijino, ingawa mikono iliyoitengeneza ni ya kampuni nyingine. Kwa hiyo orijino hutuambia ni jina la nani limesimama nyuma ya kifaa na nani atawajibika kikiharibika. Hiyo ni habari yenye thamani kubwa, lakini haitoshi kumwambia mwenye injini iliyopanuliwa kama kifaa kitamfaa.

Sheria ya Kenya nayo inaunga mkono mgawanyo huu. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 huihukumu bidhaa ghushi kwa kuvunja haki ya mwingine: kuiga nembo, jina au ubunifu wa mwenyewe bila idhini yake. Bidhaa hafifu, yaani isiyofikia viwango, hushughulikiwa kwa njia nyingine, na mwenye jukumu hilo ni Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Kiswahili kiliona jambo hili zamani, kwani kughushi ni kuiga sahihi au mali ya mtu ili udanganye. Hapawezi kuwa na kughushi pasipo mwenye kuigwa. Klachi inayouzwa kwa jina la mtengenezaji wake haimwigi yeyote. Yaweza kuwa bora, yaweza kuwa hafifu, lakini haiwezi kuitwa ghushi kwa sababu tu haikutoka kwa kiwanda cha pikipiki. Tunapoyaweka yote chini ya neno feki, tunachanganya kosa la wizi wa jina na kosa la ubovu wa kazi, na tunampa mwizi wa jina nafasi ya kujificha kati ya watu wasio na hatia.

Kwa nini basi mbadala, na si neno jingine? Tafsiri ya neno kwa neno, spea za baada ya soko, haifai hata kidogo. Katika mji unaoishi kwa soko itasikika kama mali iliyobaki wachuuzi walipofunga vibanda jioni. Spea huru ina uzuri wake, maana inataja uhuru wa mtengenezaji, ila haisemi kifaa kinakwenda kufanya nini. Mbadala inasema: kinachukua nafasi ya kingine. Neno hili limo katika ukoo ambao fundi anautumia kila siku, badala, badili, badilisha, hivyo halihitaji kufundishwa upya. Pia linatulia katika sarufi, kwani halibadiliki kwa ngeli: spea mbadala, klachi mbadala, vifaa mbadala, springi mbadala. Istilahi nzuri hutakiwa kuwa wazi, fupi na yenye kuzaa istilahi nyingine, na mbadala inatimiza yote matatu.

Wako watakaosema kwamba mbadala lina harufu ya upungufu, kama kitu cha kushikilia mpaka cha kweli kipatikane. Pingamizi hili lina uzito, lakini matumizi ya leo yanalijibu. Tunasema nishati mbadala tukimaanisha jua na upepo, wala hatumaanishi nishati duni. Neno linataja nafasi ya kitu na kuuacha ubora wake upimwe. Wengine watasema bora Kiingereza kiachwe kilivyo, kwa kuwa mafundi wamezoea klachi, springi, kebo na gasketi, ambayo yote ni maneno ya kukopa. Mimi sina ugomvi na mkopo. Klachi limeingia, limevaa irabu, linaeleweka kutoka Meru hadi Mtwara, na kulitungia jina jipya kungekuwa kazi bure. Tofauti ni kwamba klachi ni kitu kinachoonekana na kushikwa mkononi, ilhali spea mbadala ni uamuzi ambao mnunuzi anapaswa kuufikiria. Neno la kukopa lisilo na ndugu katika lugha humwacha afuate tu kile muuzaji anachokitamka.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba wauzaji wasio waaminifu watalitumia jina jipya kama pazia: kila pleti mbovu itaitwa mbadala. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kulifunga neno kwa masharti. Spea ihesabiwe kuwa mbadala ikiwa inataja mtengenezaji wake, inataja modeli za pikipiki inazofaa, na inaweza kupimwa. Katika klachi vipimo si siri. Idadi ya pleti huhesabiwa. Unene wa kila pleti hupimwa kwa vernia, na unene wa seti nzima hulinganishwa na uliotoka: ukipungua, springi hazitabana vya kutosha, ukizidi, klachi haitaachia hata mkono ukamatwe hadi mwisho. Urefu wa springi zikiwa huru hulinganishwa moja kwa moja. Pleti ya chuma hulazwa juu ya kioo bapa ili ionekane kama imepinda. Seti isiyojulikana mtengenezaji wake, au isiyolingana kwa vipimo hivi, haistahili jina la mbadala, hata ikiwa boksi lake linang’aa.

Istilahi hii ina faida pia wakati wa kufunga kifaa, maana kifaa mbadala humtaka fundi awe makini zaidi. Akiweka springi zenye nguvu zaidi kwa asilimia 15, mkono wa klachi nao utakuwa mzito kwa kiasi hicho, na kebo kuukuu itachakaa upesi. Kebo ibadilishwe pamoja nazo. Kabla ya kupanga pleti, meno ya bakuli yakaguliwe, kwani yakiwa na mikato, pleti mpya zitakwama humo na gia zitaingia kwa kishindo. Pleti za msuguano ziloweshwe kwenye oili kwanza, bolti za springi zikazwe kwa kupishana na kwa nguvu ya wastani, gasketi iwe mpya, na mkono wa klachi uachiwe uchezo wa takriban milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake, au kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza. Oili nayo ichaguliwe kwa makini. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ileile ya injini, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huweza kuifanya iteleze. Kiwango cha Kijapani cha JASO T 903, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, kiliwekwa kwa sababu hiyo. Mwenye klachi ya namna hii atafute herufi MA za kiwango hicho kwenye kopo. Mara nyingi klachi mbadala nzuri huitwa feki kwa kosa la oili au la marekebisho ya kebo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa hizo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Vifungu hivyo vikisomwa pamoja, dereva wa Muthara anastahili kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ananunua nini. Wauzaji waandike kwenye risiti neno moja kati ya matatu, orijino, mbadala au isiyojulikana, pamoja na jina la mtengenezaji. Walimu wa vyuo vya ufundi wawafundishe vijana kupima kabla ya kuhukumu. Nawe unayenunua, usiulize tu kama klachi ni orijino au feki. Uliza imetengenezwa na nani, imekusudiwa injini ipi, ina pleti ngapi, na nani atawajibika ikishindwa mlimani. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo manne, usimpe pesa zako.