Chania Inadaiwa Ukuta wa Mabingwa

Katika historia yote ya Kenya kwenye Olimpiki, dhahabu iliyopatikana nje ya riadha ni moja tu. Aliileta Robert Wangila kutoka Seoul mwaka 1988, akiwa bondia wa ridhaa wa uzani wa kilo 67, baada ya kumlaza Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Kwenye michezo hiyo hiyo Chris Sande alipata shaba ya kilo 75. Ukijumlisha na za waliowatangulia, ndondi za ridhaa zimeipa nchi hii medali saba za Olimpiki: dhahabu moja, fedha moja na shaba tano. Ukiondoa riadha, hakuna mchezo mwingine uliowahi kutuletea hata moja.

Kijana anayesoma shule ya Chania Boys au Thika High, mjini Thika, akitaka kuijua habari hiyo ataiokota kwenye simu, kipande hapa, kipande pale. Kuanzia Ruiru hadi daraja la mto Chania hakuna jengo, chumba wala ukuta ulioandikwa majina ya watu waliopigana bila malipo wakaitoa nchi kimasomaso. Naona hilo ni deni, tena deni linalolipika kwa ukumbi mdogo wa mashujaa.

Tuanzie mbali kidogo, maana ndondi ni mgeni wa juzi na mieleka ndiye mwenyeji. Jomo Kenyatta, ambaye nyumbani kwake ni Gatundu, mwendo mfupi tu kutoka Thika, alipoandika mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu aliitaja mieleka pamoja na mbio na kuruka katika michezo ya wavulana waliokwisha kupata nguvu. Ulikuwa mchezo wa malishoni. Vijana wakishawapeleka ng'ombe na mbuzi majanini wanashikana, na anayempiga mwenzake mwereka anatambuliwa na rika lake lote. Magharibi ya Kenya Waluo wana olengo yao, Waganda wana ekigwo, na Wanuba wa Kordofan, Sudan, wameifanya mieleka kuwa sherehe ya kijiji kizima. Mpiga picha Mwingereza George Rodger alifika huko mwaka 1949 akampiga picha mshindi, mwili wote umepakwa majivu, amebebwa mabegani na mwenzake. Picha ile imezunguka dunia nzima. Ni heshima ya hadharani, anayopewa mtu siku ile ile, na waliomwona akishinda.

Wagikuyu nao walikuwa na njia yao ya kuweka kumbukumbu. Kila rika lililotahiriwa lilipewa jina kutokana na tukio kubwa la mwaka ule, liwe njaa, maradhi au ujio wa kitu kipya, na wazee waliweza kuhesabu miaka ya nyuma kwa kuyataja marika hayo kwa mpangilio. Kwa hiyo wazo la kuyatunza majina ili yasipotee halikuja na meli. Ila jina la rika ni la wote. Jina la yule kijana aliyewabwaga wenzake wote wa ng'ambo ya mto liliishi katika vinywa vya waliomwona, na walipokwisha wao, nalo likaisha.

Kisha ukaja mji. Blue Posts, ile hoteli iliyosimama kati ya mto Chania na mto Thika, ilifunguliwa mwaka 1908. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Mashamba ya mkonge, kahawa na mananasi yakavuta vibarua kutoka kila upande, na baadaye vikaja viwanda. Mtu aliyetoka Murang'a kwa miguu alivuka Chania, akajikuta anaishi chumba kimoja na mtu wa Kisii au wa Machakos. Malisho hayakuwepo tena. Michezo ya miili ikahamia kwenye kumbi za kijamii, kambi za jeshi na uwanja wa gwaride, na humo ndondi ikaishinda mieleka, kwa sababu ilikuwa na sheria zilizoandikwa, uzani uliopimwa na safari za nje ya nchi.

Bondia wa ridhaa wa enzi hizo ni mtu wa kuheshimiwa kwa sababu ya aina ya maisha aliyoishi. Alikuwa askari wa jeshi, polisi au magereza, ama mfanyakazi wa shirika kubwa. Asubuhi anakwenda kazini, jioni anafunga mikono bendeji na kuingia ukumbini. Kariokor na Pumwani, Nairobi, ni kumbi zilizolea wengi namna hiyo. Na Ruiru yetu ndiko kilipo chuo cha mafunzo cha askari wa magereza, idara ambayo timu zake za michezo zinajulikana nchi nzima. Akishinda alipata kikombe na pengine cheo. Akishindwa, kesho yake aliripoti kazini na jicho limevimba.

Wa kuanza naye katika orodha yoyote ni Philip Waruinge. Alilelewa kindondi Nakuru. Mwaka 1966 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaica, katika uzani wa kilo 57, akairudia Edinburgh mwaka 1970. Katikati hapo kuna Olimpiki ya Mexico ya 1968, na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu kilichotokea huko hakitokei mara nyingi. Waruinge alifika nusu fainali akakutana na Antonio Roldán, kijana wa nyumbani, mbele ya Wamexico waliojaa ukumbi. Uamuzi ukamwendea mwenyeji. Waruinge akabaki na shaba na Roldán akaenda kuchukua dhahabu. Lakini katika kila Olimpiki kuna tuzo ya Val Barker, anayopewa bondia aliyeonyesha ufundi kuwapita wote, wa uzani wowote, na kwa kawaida huishia mikononi mwa aliyeshinda dhahabu. Mwaka ule alipewa Waruinge. Waamuzi wa dunia walikuwa wanakiri kwamba mtu bora wa mashindano yote ni yule Mkenya mwenye shaba.

Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali. Alishindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mwamuzi mmoja tu angeona tofauti, dhahabu ingekuja Kenya miaka 16 kabla ya Wangila. Michezo hiyo hiyo Samuel Mbugua alipata shaba ya kilo 60 na Dick Murunga shaba ya kilo 67. Medali tatu za ndondi katika Olimpiki moja! Hatujawahi kuzifikia tena. Waruinge baadaye alihamia Japan kupigana ngumi za kulipwa.

Wa pili ni Stephen Muchoki, na kwangu yeye ndiye anayetia uchungu zaidi. Alikuwa mdogo wa umbo, kilo 48, uzani mwepesi kuliko wote. Alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Christchurch mwaka 1974, na mwaka huo huo akapata fedha katika mashindano ya kwanza ya dunia ya ridhaa, Havana. Mwaka 1978 alikwenda Belgrade akawa bingwa wa dunia, kisha akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Sasa tazama kalenda. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal ya 1976 kwa ajili ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ikasusia na ya Moscow ya 1980. Miaka ambayo Muchoki alikuwa kileleni ndiyo miaka ambayo bendera yetu haikupepea. Siwalaumu waliosusia Montreal, maana sababu yao ilikuwa ya haki. Lakini gharama ya uamuzi wa taifa ililipwa na mtu mmoja mwenye kilo 48, na anayesoma orodha ya medali za Olimpiki peke yake hatalikuta jina lake. Hesabu za medali zina mapengo, na watu kama Muchoki ndio wanaoanguka humo. Ukumbi wa mashujaa ndio mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo, pamoja na maelezo ya kwa nini hakwenda.

Ibrahim Bilali alirudi na shaba ya kilo 51 kutoka Los Angeles mwaka 1984. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika Nzima ikaja Nairobi, uwanja wa Kasarani ukiwa mpya kabisa, na mabondia wetu wakachukua dhahabu nane kati ya 12. Kila anayesafiri kwa matatu kati ya mjini na Ruiru au Thika huipita Kasarani ile, akiwa na haraka zake. Baada ya Seoul, Wangila alikwenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya ulingoni, akiwa na umri wa miaka 26.

Wanawake wamefika baadaye, nao wamefika kwa nguvu. Elizabeth Andiego alikuwa bondia wa kwanza wa kike wa Kenya kwenye Olimpiki, London mwaka 2012. Christine Ongare alipata shaba ya Jumuiya ya Madola huko Australia mwaka 2018, ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya katika ndondi.

Je, nchi imewasahau kabisa? Hapana, na ni haki kusema hivyo. Katiba ya 2010 imetupa Siku ya Mashujaa kila tarehe 20 Oktoba, na mwaka 2014 Bunge likapitisha Sheria ya Mashujaa wa Kenya, ambayo inautambua mchango wa wanamichezo. Paul Tergat alianzisha tuzo ya SOYA mwaka 2004 ili wanamichezo watambuliwe kila mwaka. Eldoret ina uwanja wa Kipchoge Keino. Hayo ni mema, ila yote yanatazama kutoka juu, ngazi ya taifa, na taifa huwaona warefu tu. Kocha aliyefundisha vijana bure miaka 20, mwamuzi aliyepanda matatu kila Jumamosi kwenda kuhesabu pointi, mama aliyewapikia wachezaji uji, hao hawatafika Ikulu kuvishwa nishani.

Wenzetu waliokwisha kulifanyia kazi jambo hili ni wanamieleka wa Marekani. Ukumbi wao wa taifa wa mashujaa ulifunguliwa mwaka 1976 huko Stillwater, mji mdogo katika jimbo la Oklahoma. Hawakuishia hapo. Majimbo nayo yakawa na matawi yake, na matawi hayo huwaheshimu hasa watu waliotumikia mchezo kwa miaka 20 na zaidi: makocha wa shule, waamuzi, waandaaji. Mwaka 1992 ukumbi wa Stillwater ulimwingiza hata Abraham Lincoln, kwa kuwa rais huyo, alipokuwa kijana wa dukani huko New Salem, Illinois, aliwahi kukamatana na mbabe wa pale, Jack Armstrong, na akaheshimika tangu siku hiyo. Wameona kwamba mchezo wa ridhaa unatunzwa karibu na nyumbani, na watu wanaolijua jina la baba yako.

Ndiyo sababu nasema Chania. Mto huu ni mpaka wa Kiambu na Murang'a, na ukumbi ukijengwa Thika utakuwa wa pande zote mbili. Ruiru kuna askari wa magereza, Thika kuna kambi ya jeshi, na shule zimejaa. Njia ya kisheria ipo wazi. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti makumbusho pamoja na michezo, maneno yote mawili katika orodha moja. Kaunti haihitaji kumngoja waziri yeyote.

Wala isianze na jumba la mamilioni. Ruiru imebeba jina lake duniani kwa ajili ya kahawa. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha hapo, inajulikana na wakulima wa mbali sana. Ilianza kwa vitalu na daftari zilizoandikwa kwa uangalifu mwaka baada ya mwaka. Ukumbi nao uanze kwa daftari. Thika kuna maktaba ya umma. Ukuta mmoja hapo na kabati moja la kioo vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Ndani ya kabati ziwekwe glovu za ngozi zilizopasuka vidoleni, bendeji zilizogeuka rangi kwa jasho, kadi ya uzani yenye sahihi ya daktari, picha ya timu iliyopigwa uwanja wa ndege kila mtu akiwa na koti linalompwaya. Kila kitu kiandikiwe jina, mwaka na klabu. Kamati iwe na mwalimu wa historia, mwamuzi mstaafu na mtu wa mieleka, kwa sababu mieleka ya ridhaa bado inachezwa Kenya na watu wake wanafanya kazi kimya kuliko hata mabondia. Mwanasiasa akaribishwe siku ya kufungua, lakini asiwe yeye wa kuchagua majina.

Jambo la haraka ni watu wenyewe. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Munich sasa wamepita 70. Mwakilishi wa wadi anayesoma haya apeleke hoja kwenye bunge la kaunti kabla ya bajeti ijayo. Nawe msomaji, kama babu, mjomba au jirani yako aliwahi kupanda ulingoni au kushika mieleka kwa jina la shule, kiwanda au kikosi, mwendee wiki hii. Mwulize alipigana na nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyemfundisha. Andika majibu yake, na zile picha zilizo chini ya kitanda usizitupe.