Babu alikuwa Mwayalandi: pa kuanzia utafutaji ukiwa Kampala

Katika Buganda, mtu hajitambulishi kwa jina lake pekee. Hutaja baba, babu, kisha ukoo na mwiko wa ukoo huo, na ukoo hufuata upande wa baba. Ndiyo maana mjukuu wa Mzungu aliyefanya kazi hapa wakati wa himaya ya Uingereza, kati ya 1894 na 1962, kisha akarejea kwao bila kuacha anwani, hubeba pengo ambalo watu wazima hulinyamazia. Siku ya kwanjula, wakwe wanapouliza nasaba, pengo hilo husikika mbele ya hadhara. Wengine walipokewa katika ukoo wa wajomba, na suala likafungwa. Wengine wangali wanatafuta, na miongoni mwao wamo walioambiwa na bibi zao neno moja tu: “Hakuwa Mwingereza, alikuwa Mwayalandi.”

Neno hilo ni la thamani, kwa kuwa makaratasi hayatalisema. Hadi 1922 kisiwa chote cha Ayalandi kilikuwa sehemu ya Ufalme wa Uingereza, na daktari, mhandisi au askari aliyetoka huko aliandikwa katika hati za serikali kuwa Mwingereza kama wenzake. Kwa hiyo msikilizaji anayetaka kuanza asikimbilie intaneti. Aanze na wazee. Aulize jina lilivyotamkwa, si jinsi linavyoandikwa. Aulize kazi, kituo cha kazi, dhehebu, na mwaka wa karibu, kwa kupima na tukio linalokumbukwa: kabla ya vita au baada yake, kabla reli haijafika Kampala mwaka 1931 au baadaye. Dhehebu lisidharauliwe, kwani ndilo litakaloamua baadaye ni vitabu vya kanisa gani vifunguliwe.

Jina ndilo linalowapoteza wengi. Katika Kiganda, herufi R na L hubadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia, na jina la kigeni linaloanza kwa R huenda likahifadhiwa midomoni kwa L. Huko Ayalandi kwenyewe viambishi O na Mac vilikuwa vikiachwa na kurudishwa: ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuandikwa, mmoja Brien, mwingine O’Brien. Katika vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki majina yaliandikwa mara nyingi kwa Kilatini, hivyo James akawa Jacobus na William akawa Gulielmus. Tafuta kila sura ya jina kabla ya kusema halipo.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa mtu ambaye hakuacha watoto wa kuzaa. Mama Kevina, ambaye wazee wengi wa Nsambya na Nkokonjeru wanalijua jina lake, hakuzaliwa akiitwa Kevin. Alizaliwa Teresa Kearney mwaka 1875, karibu na mji wa Arklow katika kaunti ya Wicklow. Aliwasili Uganda mwaka 1903 na mwaka 1923 akaanzisha shirika la masista wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Anayemtafuta kwa jina la utawa katika rejista za kuzaliwa hatampata kamwe. Ndivyo ilivyo kwa kila padri, bruda au sista: uliza kwanza jina la ubatizo, na wa kuulizwa ni shirika lake.

Upande wa Uganda kuna milango kadhaa. Kumbukumbu za ndoa zimo katika Ofisi ya Huduma za Usajili, URSB. Za kuzaliwa na kufa zimo chini ya NIRA. Nyaraka za kiutawala za wakati wa himaya ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Wandegeya, na huko hupatikana barua za mabwana shauri na majalada ya idara. Gazeti rasmi la serikali lilichapisha uteuzi, uhamisho na likizo za maofisa, na mara nyingi mstari mmoja humo hutosha kuonyesha nani alikuwa kituo kipi, mwaka gani. Vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani visisahaulike. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huenda akawa na nafasi tupu pale panapopaswa kuwa na jina la baba, lakini jina la msimamizi wa ubatizo, au maneno machache pembeni, limewahi kuwafaa watafutaji wengi. Mwombe paroko kwa heshima, na umweleze sababu. Vitabu hivyo si vya maonyesho.

Ukipata jina na mwaka, vuka bahari. Orodha za abiria walioondoka na walioingia katika bandari za Uingereza, kuanzia mwaka 1890 hadi 1960, zimehifadhiwa London na zinasomeka mtandaoni. Abiria wa Mombasa wamo, pamoja na umri na kazi zao. Kwa askari mambo ni magumu zaidi: majalada mengi ya waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia yaliteketea London kwa mabomu mwaka 1940.

Moto mwingine ndio unaotajwa na kila mtafiti wa Ayalandi. Mwishoni mwa Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika jengo la mahakama la Four Courts ililipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliangamia karibu zote, pamoja na wosia na vitabu vingi vya Kanisa la Kianglikana la huko. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, jambo ambalo kwangu linaudhi kuliko moto. Zilizosalimika kamili ni za 1901 na 1911, nazo zinasomwa bure katika tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi.

Kwa mjukuu wa mtu wa enzi za himaya, hizo mbili mara nyingi zinatosha. Fomu ya 1911 inaonyesha nyumba nzima: majina, umri, dini, kazi, kaunti ya kuzaliwa, na hata nani alijua Kiayalandi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago aliyeueleza mwaka 1958 uvimbe wa saratani unaoitwa kwa jina lake, alizaliwa Enniskillen, kaunti ya Fermanagh, tarehe 28 Februari 1911. Sensa ilichukuliwa usiku wa tarehe 2 Aprili. Alikuwa mtoto wa wiki tano. Fermanagh leo imo Ayalandi ya Kaskazini, na kwa mambo ya baada ya 1922 mtafutaji huelekezwa Belfast, si Dublin.

Usajili wa vizazi vyote ulianza mwaka 1864. Picha za vyeti vya zaidi ya miaka 100 zinapatikana bure katika tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, ndoa hufunguliwa baada ya miaka 75 na vifo baada ya 50. Kwa kurudi nyuma ya 1864, Maktaba ya Taifa imeweka mtandaoni tangu 2015 vitabu vya parokia za Kikatoliki hadi kiasi cha mwaka 1880, ila lazima ujue parokia. Hapa msomaji wa Uganda ana faida: anajua tayari kwamba neno moja la Kiingereza hutumika kwa muluka wa serikali na kwa parokia ya kanisa. Ayalandi nako ni hivyo hivyo, na mipaka ya viwili hivyo mara nyingi hailingani.

Kipimo cha DNA husaidia panapokosekana jina. Mtu hurithi takriban robo ya vinasaba vyake kwa kila babu, na binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa asilimia 12.5. Lakini tarajia kwamba upande wa pili huenda hawajui habari yako. Barua ya kwanza iwe fupi na isidai kitu.

Wapo wanaotafuta kwa ajili ya uraia. Mwenye babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa hicho anaweza kuomba kuandikishwa katika Rejista ya Waliozaliwa Ugenini, na kila kizazi katikati lazima kithibitishwe kwa hati, jambo linalowakwamisha ambao jina la baba halikuandikwa. Kwa kitukuu haitoshi, isipokuwa mzazi wake alikuwa ameandikishwa kabla yeye hajazaliwa. Uganda imeruhusu uraia pacha kisheria tangu 2009. Ubalozi wa Ayalandi upo Kampala, ila maombi yenyewe huamuliwa Dublin.