Je, Mkandarasi Mdogo Asamehewe Bima ya Wafanya Kazi?

Msomaji wangu, ukitembea katika mji wowote wa Kenya huendi mbali kabla hujakuta nyumba inajengwa. Mwenye kazi hiyo mara nyingi ni fundi mmoja tu aliyepewa kandarasi, akakusanya waashi wawili na vibarua watano, na jukwaa lao ni miti iliyofungwa kwa misumari na kamba. Sasa fikiri kwamba mti mmoja umekatika, na mwashi ameanguka akavunjika uti wa mgongo. Ni nani atakayewalisha watoto wake?

Wako wasemao kwamba mkandarasi wa namna hii asilazimishwe kukata bima ya wafanya kazi, kwa kuwa faida yake ni haba na mzigo huo utamwelemea. Hoja hiyo si ya jana. Ina umri wa karibu miaka mia mbili, na atakaye kuipima hana budi kujua ilikotoka.

Katika mwaka wa 1835, huko Uingereza, kijana mmoja aitwaye Charles Priestley alikuwa mtumishi wa muuza nyama, Thomas Fowler. Siku moja aliamriwa kusafiri na shehena katika gari la farasi. Gari lilikuwa limepakiwa kupita kiasi. Likavunjika njiani, na kijana naye akavunjika paja. Akamshtaki bwana wake, na raia walioketi kuisikiliza kesi wakamwamulia pauni 100. Lakini katika mwaka wa 1837 majaji wa mahakama ya juu waliitangua hukumu hiyo. Lord Abinger, aliyesema kwa niaba yao, alihofu kwamba mtumishi akiruhusiwa kudai kwa ajali kama hii madai hayatakuwa na mwisho: leo atadai kwa kuwa mjakazi amemtandika kitanda chenye unyevu, na kesho kwa kuwa mpishi hakuvisafisha vyombo vya shaba. Tena, akasema, mtumishi hakufungwa kamba. Akiona kazi ina hatari anaweza kuikataa.

Angalia vema jambo hili. Fowler hakuwa mwenye migodi wala viwanda. Alikuwa mtu wa duka, na huruma ya sheria ilimwendea yeye. Lakini kanuni iliyozaliwa hapo haikukaa dukani. Katika mwaka wa 1842 ilivuka bahari hadi Massachusetts, katika Marekani, ambako dereva wa gari moshi alikuwa amepoteza mkono kwa kosa la mfanya kazi mwenziwe. Mahakama ikamwambia kwamba mshahara wake mnono ulikuwa tayari umeihesabu hatari hiyo. Hivyo kinga aliyopewa mwenye duka ikawa ngao ya makampuni ya reli na ya makaa ya mawe, na watu waliokatwa viungo wakarudi makwao mikono mitupu.

Wajerumani ndio waliovunja mwiko huo kwanza. Kwa sheria ya mwaka wa 1884, wakati wa Bismarck, waajiri walilazimishwa kujiunga katika vyama kwa kadiri ya kazi zao na kutoa michango, na aliyeumia akalipwa na chama bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Bismarck hakuwa mpenzi wa vyama vya wafanya kazi, hata kidogo. Alitaka kuwavuta watu wasiwafuate wasoshalisti. Hata hivyo alikuwa ameona neno moja kubwa, kwamba ajali isiyoweza kubebwa na bwana mmoja hubebeka ikigawanywa kwa wengi.

Waingereza walifuata katika mwaka wa 1897. Sheria yao ilimpa aliyeumia nusu ya mshahara wake, na jamaa za aliyekufa mshahara wa miaka mitatu, kwa mipaka iliyowekwa. Ilihusu reli, viwanda, migodi, machimbo ya mawe, na majengo. Lakini majengo gani? Yale tu yaliyozidi futi 30 kwenda juu, ambazo ni kama mita tisa, na hata hayo yawe yanajengwa au kutengenezwa kwa jukwaa, au yanabomolewa, au yana mitambo ya nguvu. Basi mwashi aliyeanguka kutoka ukuta wa futi 40 alikuwa na haki, na mwenziwe aliyeanguka kutoka ukuta wa futi 20 hakuwa nayo, ingawa mifupa yao ilivunjika sawasawa! Waliotunga sheria hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wakiwakwepa waajiri wadogo, wasije wakafilisika. Miaka tisa tu baadaye, katika mwaka wa 1906, sheria ilipanuliwa ikawafikia karibu wafanya kazi wote wa mikono.

Hata hapo palibaki tundu. Haki ilitolewa, lakini bwana hakulazimishwa kukata bima, na haki ya kumdai mtu asiye na kitu ni karatasi tu. Katika mwaka wa 1934 wenye migodi ya makaa ya mawe walilazimishwa. Waajiri wengi wengine wa Uingereza wakangoja sheria ya mwaka wa 1969.

Nasi je? Ilipojengwa reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya mwaka wa 1896 na 1901, waliletwa wafanya kazi 31,983 kutoka Bara Hindi, na 2,493 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Hapana aliyewaza habari ya bima. Sheria ya fidia ilikuja baadaye katika siku za ukoloni, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007. Sheria hii mpya ilibishaniwa mahakamani miaka mingi, hata Mahakama ya Juu ilipoithibitisha katika mwaka wa 2019. Humo kila mwajiri ametakiwa kukata bima kwa ajili ya wafanya kazi wake, wala hapana futi 30.

Mkandarasi mdogo bado atanung'unika, na manung'uniko yake yana haki. Akiongeza gharama ya bima katika bei yake, kazi itachukuliwa na jirani asiyekata bima. Lakini hiyo ni sababu ya kuwabana wote wawili, wala si ya kuwaachilia. Tena na tufanye hesabu. Kwa sheria hiyo, aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena hulipwa mshahara wa miezi 96. Ikiwa alikuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, fidia yake ni shilingi 1,920,000. Kampuni kubwa itaumia kidogo na kuendelea. Fundi wetu atauza baiskeli, vyombo vya kazi, na pengine shamba la babaye, na bado hatafika. Udogo wake, ambao hutajwa kuwa sababu ya kumsamehe, ndio unaomfanya aihitaji bima kuliko wote. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na wanaomhurumia mkandarasi mara nyingi wameusahau mzigo wa mke wa mwashi.

Yuko mtu wa tatu ambaye hatajwi sana, naye ni mwenye nyumba. Huhesabu mawe, mchanga, mabati na saruji, akapatana bei, na halafu huchagua fundi aliye rahisi. Siku moja, msomaji, huenda ukawa wewe. Kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa, mwombe fundi akuonyeshe hati ya bima yake, na gharama yake iandikwe katika hesabu pamoja na saruji.