Nyuma ya Bibi Harusi

Kuna saa moja katika harusi za Nairobi ambayo haimo kwenye ratiba na kila mtu anaijua. Ibada imeisha. Wageni wameketi chini ya hema, watoto wameanza kulia, harufu ya pilau inatoka nyuma ya turubai lakini hakuna sahani inayosogea. Maharusi wako wapi? Wameenda kupiga picha. MC anarudia mzaha ule ule mara ya tatu. Shangazi fulani anauliza, kwani hizo picha zinapigwa Uganda? Saa mbili baadaye msafara unaingia ukipiga honi, na hakuna anayekumbuka kukasirika kwa sababu chakula kimefunguliwa.

Swali la shangazi ni swali zuri. Walienda wapi, na kwa nini huko? Picha ya harusi ina watu wawili mbele na mahali nyuma yao, na sisi macho yetu huishia kwa wale wawili: gauni, suti, nani amenenepa. Hebu kwa leo tuwasogeze kando kidogo tuangalie kule nyuma.

Zamani si mtu aliyefuata mahali, ni mahali palipomfuata mtu. Katika Mombasa ya miaka ya 1940 na 1950 maharusi walikwenda studio. Studio ya Parekh ilikuwa mojawapo ya zilizosifika, na waliopita mbele ya kamera yake walikuwa Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, karibu mji mzima. Kamera ilikuwa nzito, filamu ilikuwa ghali, na taa ya ndani iliaminika kuliko jua. Basi mandhari yakaletwa chumbani: pazia, nguzo, kiti cha kuchongwa, kitambaa kilichochorwa. Miaka mingi baadaye, karibu na feri ya Likoni, wapiga picha wa vibandani waliendeleza kazi hiyo kwa fujo zaidi: meli, ndege, majumba ya ghorofa, maua ya plastiki, vyote juu ya ukuta wa mbao. Unashuka feri na mfuko wako wa sukari, unasimama mbele ya ndege, chap, umesafiri. Watu walijua ni kitambaa. Waliotumiwa picha kijijini nao walijua. Hakuna aliyedanganywa, na picha ilipendeza hivyo hivyo.

Kutoka studio kwenda nje hakukuwa suala la mtindo tu. Kulikuwa na tatizo la filamu yenyewe, na hili watu hawalisemi vya kutosha. Filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi waliyoiita Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Sasa chukua filamu hiyo uilete kwenye harusi ya Kisumu saa saba mchana: gauni jeupe pe, uso mweusi, jua la ikweta limesimama wima juu ya kichwa. Ukipima mwanga wa gauni, bibi harusi anabaki macho na meno. Ukipima mwanga wa uso, gauni linakuwa wingu lisilo na mshono hata mmoja. Fungua albamu yoyote ya nyumbani kwenu ya miaka ya 1970 au 1980 utaliona hilo, na ujue si mpiga picha aliyekuwa bure.

Dawa yake ilikuwa mahali. Mpiga picha aliyejua kazi alitafuta kivuli cha mti mkubwa chenye nyasi wazi mbele yake, au ukuta wa rangi hafifu unaorudisha mwanga usoni, au maji. Na alikuwa na haraka. Huku kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likizama limezama. Hatuna zile jioni ndefu za Ulaya. Ibada ikichelewa, na lini ibada haikuchelewa, unabaki na dakika arobaini za mwanga mzuri na magari sita kwenye foleni. Kwa hiyo unatafuta pahali penye mti, nyasi na maji, karibu na kanisa, tena pasipo na malipo.

Nairobi mahali hapo palikuwa Uhuru Park.

Jomo Kenyatta aliifungua bustani hiyo tarehe 23 Mei 1969. Jirani yake kabisa kuna Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917, enzi ambazo Mwafrika hakutarajiwa kuolewa humo kwa shangwe. Baada ya uhuru jiografia hiyo ikawa neema kwa maharusi. Unatoka kanisani, unatembea hatua chache, unafika kwenye nyasi na ziwa dogo la kuchimbwa lenye mashua za kukodi. Kila Jumamosi bibi harusi walipangana kama matatu. Msafara mmoja ukimaliza kwenye daraja, mwingine unaingia, na wasimamizi wa maua wanagombana na watoto wa wenyewe. Wapiga picha wa mitaani, wale wenye kubeba sampuli zao kama wachuuzi, walizunguka pembeni wakiwinda wageni ambao hawakuwekwa kwenye picha rasmi.

Mwaka 1989 serikali na chama tawala, KANU, walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya bustani hiyo, pamoja na sanamu ya rais. Wangari Maathai akaandika barua, na akaendelea kuandika. Alitukanwa bungeni, akaambiwa ni mwanamke aliyepewa talaka asiye na adabu. Hatimaye wafadhili wakajitoa na mpango ukafa. Tunapolisimulia jambo hili tunataja mazingira na demokrasia, na ni sawa. Lakini wananchi wa kawaida walikuwa wameshaitumia bustani ile kwa miaka ishirini kama sebule yao. Ukiwa unaishi chumba kimoja Kaloleni au Mathare, huna mahali pengine pa kusimama na gauni. Jumba lile lingekuja kuketi juu ya sebule ya watu.

Kisha ikaja Februari 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, waliketi kwenye kona ya bustani hiyo wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila zetu nyingi ni laana kubwa kuliko zote ambazo mzazi anaweza kumpa kijana. Walipofukuzwa pale walikimbilia All Saints, na katika chumba cha chini cha kanisa hilo wakakaa karibu mwaka mzima, hadi wafungwa wengi walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993.

Angalia ramani yake. Maharusi walitoka kanisani kwenda bustanini. Akina mama walitoka bustanini kwenda kanisani. Njia ni ile ile, nyasi ni zile zile. Nikiona picha ya harusi ya mwaka 1993 au 1994 iliyopigwa pale, wale wawili wakitabasamu mbele ya maji, huwa siwezi kusema walisahau. Pengine hawakusahau. Wananchi walirudi na mashada yao kwenye mahali ambapo dola ilitaka waogope kukanyaga, na wakamwambia mpiga picha, hapa hapa.

Mombasa mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa pale mandhari yenyewe ni silaha. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Wapiga picha wanaipenda, na ukisimama pale saa kumi na moja jioni utaelewa. Kuta zina rangi kati ya manjano na waridi, zinanyonya jua la mchana na kulirudisha taratibu, na uso wa mtu mweusi ukiwekwa mbele yake unang'aa bila taa yoyote. Kuna lango zito. Kuna njia iliyochongwa ndani ya matumbawe kuteremka kuelekea baharini, ambayo shela ikiburutwa ndani yake ni kama filamu.

Ndani ya kuta hizo hizo Waomani waliwazingira Wareno na washirika wao Waswahili kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu. Walioangamia wengi waliuawa na maradhi na njaa, si panga, na siku lango lilipoanguka waliobaki hai ndani walikuwa wachache wa kuhesabika. Halafu mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza jela, na jela ikabaki hadi 1958. Ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960. Hebu piga hesabu: mtu aliyefungwa humo akiwa na miaka ishirini na tano katika mwaka wa mwisho wa jela angekuwa bado kijana siku makumbusho yalipofunguliwa. Angeweza kulipa kiingilio na kuingia kwa lango lile lile. Tangu 2011 ngome hiyo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mwenye kamera kubwa hulipia ruhusa. Hilo la kulipia silipingi, majengo ya zamani hayajitengenezi. Ila nakumbuka kwamba huko Uhuru Park mandhari yalikuwa ya bure, na bure hiyo ndiyo iliyoleta watu wa Kaloleni.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa wengi wa majirani wa ngome, wale wa Mji wa Kale, picha muhimu ya harusi haipigwi ngomeni. Iko kwenye kupamba. Bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake peke yao, ukumbini, usiku, akiwa amepambwa kwa hina na dhahabu, na mara nyingi simu huachwa mlangoni kabla hujaingia. Anayepiga picha ni mwanamke, na picha zake ni amana: zinakwenda kwa mwenyewe, hazitoki. Hakuna bahari wala mizinga nyuma. Kuna jukwaa, vitambaa, maua na taa za rangi. Yaani ni studio ya zamani imerudi, kitambaa nyuma na mtu mbele. Sisi tunaohangaika na droni tungeweza kujifunza kitu kutoka kwa watu wanaoishi mita mia mbili kutoka Urithi wa Dunia na hawauhitaji kwenye albamu.

Turudi Nairobi, upande wa Karen, maana huko ndiko kwenye ubishi. Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa 1912. Yeye mwenyewe aliolewa Mombasa, Januari 1914, akaishi kwenye nyumba hiyo kuanzia 1917 hadi 1931, shamba la kahawa likafilisika, akarudi Denmark. Denmark ikaikabidhi Kenya nyumba hiyo uhuru ulipopatikana, filamu ya Hollywood ikatoka 1985, na mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa. Sasa nyasi zake ni miongoni mwa nyasi zinazopigwa picha za harusi sana mjini, na vilima vya Ngong viko pale nyuma kama vimeajiriwa.

Marekani walifika kwenye ubishi kama huu kabla yetu. Mashamba ya Kusini ambako watumwa walifanyishwa kazi yaligeuzwa kumbi za harusi, nguzo nyeupe na mialoni mirefu, hadi Desemba 2019 mitandao kama Pinterest na The Knot ikasema haitayatangaza tena kama zamani. Waigizaji Ryan Reynolds na Blake Lively waliooana kwenye shamba la aina hiyo mwaka 2012 walijuta hadharani, na Reynolds akalizungumza mwaka 2020. Je, Karen ni hivyo? Si sawasawa. Lakini ardhi ile ilikuwa na watu kabla ya kahawa, na Wagikuyu waliobaki juu yake waliitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao.

Mimi sioni sababu ya kuwakataza maharusi nyasi hizo. Mjukuu wa mtu aliyeingia kwa mlango wa jikoni akikodi uwanja mzima, akacheza mugithi pale hadi spika zikalia, hiyo ni historia pia na ni tamu. Kinachonikera ni pale mapambo yanapojaribu kurudisha 1920: kofia za wasafiri wa kizungu, masanduku ya ngozi, wahudumu waliovishwa kanzu na mikanda myekundu wakisimama nyuma ya maharusi kama fanicha. Hapo mhudumu amefanywa kitambaa cha studio. Na yeye ana jina.

Uhuru Park ilifungwa 2021 ili ikarabatiwe. Ile bustani ya zamani, na daraja lake na mashua zake jinsi zilivyokuwa, imebaki zaidi kwenye albamu za harusi kuliko kwenye faili lolote, albamu zenye plastiki inayonata ambazo zinaoza polepole Umoja, Thika, Kakamega, chini ya vitambaa vya kochi. Wenye picha hizo mara nyingi hawakuandika tarehe nyuma. Unaweza kuikisia. Kama jumba la KICC halipo kule mbali, ni kabla ya 1973. Kama lipo na limesimama karibu peke yake, endelea mbele kidogo, tazama upana wa kola za suti. Na kama pembeni kuna barabara inayopita juu ya nguzo, hiyo ni Expressway, iliyofunguliwa 2022, na bibi harusi huyo bado yuko kwenye simu yako.